Pete ya Nakiru na Samaki Waliohama

Akai hakunipigia simu ili alie. Alinipigia kunigombeza, na hapo hapo nikajua kuna msiba, maana binti wa Nakiru akiumia huanza kwa ugomvi. "Bwana Samaki," alisema, kwa kuwa kule hawajawahi kuniita jina jingine, "mama amelala jana, hapa Kakuma. Tunazika Alhamisi. Unakuja ama unatuma salamu kwa simu kama mtu wa Nairobi?" Nikamwambia ninakuja. Nilikaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, mke wangu akaniuliza mara mbili ni nani aliyekufa, nami nikashindwa kupata neno la kumweleza Nakiru alikuwa nani kwangu. Hakuwa ndugu, hakuwa jirani, wala si yale mengine ambayo wake wanayafikiria. Alikuwa mwanamke niliyemkosea nikiwa na miaka ishirini na miwili, akanifanya mtu. Sasa mambo hayo unayaelezaje saa moja asubuhi, na kiatu mkononi?

Basi nilifika Lodwar siku iliyofuata, nikalala Nawoitorong katika ile nyumba ya wageni ya akina mama, na asubuhi nikapanda boda boda nikaone nilikoishi. Kijana wa pikipiki alinizungusha mpaka tukachoka. Nyumba yetu haipo tena. Lakini jua ni lile lile, na upepo ule wa saa nne unaokujaza mchanga masikioni haujajifunza adabu. Sitasimulia hapa nilikozaliwa wala baba yangu alifanya kazi gani, hayo yamo kwenye kitambulisho. Nitasimulia mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya sabini, wakati ziwa lilikuwa limebadilishwa jina juzi juzi, na makaratasi ya ofisi yetu bado yaliliita kwa jina lake la zamani la kizungu.

Nilikuwa Bwana Samaki Mdogo, afisa wa chini wa idara ya samaki. Wewe cheka tu, wenzako walicheka zamani. Nyumba yetu ya mabati ilikuwa nyuma ya ofisi, vyumba viwili na meza katikati, na ukuta ulikuwa mwembamba kiasi kwamba jirani akisonga ugali wewe unasikia njaa. Mke wa tarishi alikuwa akiwaambia wageni wake upande wa pili, "Hawa ndio mabwana samaki. Serikali imewaleta jangwani wafundishe samaki kutembea," kisha kicheko, nami nikiwa hapa na kikombe changu. Chumba cha pili kilikuwa cha Mzee Bakari, nahodha wa boti ya idara, mtu wa pwani aliyekuwa amefanya kazi bandarini miaka mingi kabla ya kuletwa huku, mwenyewe alisema kwa makosa ya karani. Tangawizi yake ilikuja kwa posta. Alipika chai kali ya kukuamsha ukiwa umefariki, na hakuna aliyepita mlangoni bila kusahihishwa Kiswahili. "Samaki wangapi, si samaki ngapi! Mola wangu, nimetupwa wapi mimi?" Watu walimpenda. Wengine walikosea makusudi ili wamsikie akilia.

Kazi yetu hasa ilikuwa ziwani, safari ya nusu siku kwa lori juu ya mchanga. Idara ilikuwa na kambi pale kwa watu walioishiwa na mifugo kwa ukame, na wengi walitoka upande wa Kakuma. Ni lazima ujue jambo hili ili unielewe: kwa mchungaji, kula samaki ni kukiri kwamba huna kitu. Mtu anayevua ni mtu ambaye ng'ombe wake wamekufa wote. Kwa hiyo wale watu walikuja kambini na aibu yao, wakijifunza kuvua kama mtu anayejifunza kuomba, na kila mmoja alikuwa na hesabu moja kichwani: nivue, nikaushe, nibadilishe kwa mbuzi, nirudi nyumbani. Nakiru alikuwa mmoja wao. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, mrefu, na binti yake Akai, wa miaka kumi, alimfuata kila mahali. Mume wake alikuwa ameondoka na ng'ombe wachache waliosalia kuelekea mpakani kutafuta majani, na hakurudi. Shingoni Nakiru alivaa pete kubwa ya shaba, ile ambayo mwanamke wa Kiturkana huvalishwa akiolewa. Siku moja nilimuuliza mbona haivui anapoingia majini, si inamwelemea? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa mbona havui kichwa. "Nikivua, nimesema amekufa," alisema. "Mimi sijasema."

Mbele ya kambi palikuwa na ghuba ndogo, yenye mlango mwembamba na maji ya kufika shingoni, na hapo ndipo tilapia walipokuja kutaga na kulea watoto wao. Asubuhi ungewasikia kabla hujawaona, mikia yao ikipiga maji kama wanawake wanaofua. Ndege mwari walijipanga ukingoni kama wazee wa baraza, na vifaranga vya samaki vilikuwa vingi hata ukitia mguu vinakunyonya vidole. Wanaume walivua nje kwa nyavu. Ghuba ilikuwa ya wanawake na watoto, na fundi wao alikuwa Nakiru, aliyezama mpaka shingoni na tenga lake, anasimama kimya, anashusha tenga pwaa, halafu anaingiza mkono kwa juu na kucheka. Jioni alituletea wawili waliookwa juu ya makaa ya mkoma, bila chumvi, bila kitu, na Mzee Bakari, mtu wa nazi na pilipili, alikula mpaka akalamba mifupa. "Mama Akai," alisema, "ukijifunza ngeli tu, utakuwa mtu kamili." Nakiru akamjibu, "Na wewe ukijifunza kunyamaza." Tulicheka sana mwaka ule. Nataka hilo lijulikane kabla sijafika kwenye ubaya.

Ubaya ulianza na barua ya sifa. Idara ilileta nyavu za nailoni, nzuri, mpya kabisa, ila hazikuwa na risasi, yale madini mazito, za kuzishusha chini. Watu walifunga mawe, mawe yakazichana. Mimi nilipanga kuwa mtu mwenye akili. Kule Lodwar, Fundi Kariuki wa malori alikuwa na lundo la betri mbovu nyuma ya karakana yake, na kila mtu anajua ndani ya betri kuna risasi. Nilimwomba, akanipa zote, akafurahi kupata nafasi. Nikazipakia kwenye lori la samaki, tukazishusha kando ya ghuba kwa sababu pale palikuwa na kivuli, na Mzee Bakari hakuwapo, alikuwa amelazwa Lodwar kwa malaria. Tulizipasua kwa mawe. Maji ya betri tukayamwaga mchangani, pleti, vile vibao vya risasi vya ndani, tukazisuuza pale pale ghubani, kisha tukaziyeyusha ndani ya sufuria na kumimina katika mifereji tuliyochora kwenye mchanga. Watu waliimba. Nakiru alishika sufuria kwa kipande cha ngozi ya mbuzi, jasho likimtiririka, ananiambia, "Wewe Bwana Samaki, leo umepika vizuri." Leo nikikumbuka ule moshi tuliouvuta, na watoto wamesimama karibu, mwili unanisisimka. Tulipomaliza kulibaki takataka nyingi, tope la kijivu, vigae vya betri, majivu. Nikaogopa watoto watajikata miguu. Kwa hiyo nikachukua reki, kwa mikono yangu hii, nikasukuma kila kitu ndani ya maji. Niliona nimetenda wema. Bwana mkubwa wa ofisi alipoziona zile risasi zimepangwa kwenye nyavu, aliandika kwa wakubwa wake kwamba kuna kijana hapa mbunifu, anafaa kupandishwa cheo, akanisomea ile barua kwa sauti, nami nikaikariri.

Haikupita hata miezi miwili. Kwanza ni Akai, aliyetia mguu majini akasema, "Hakuna ya kuuma." Vifaranga vilikuwa vimetoweka ukingoni. Kisha asubuhi zikawa kimya. Kisha mwari wakaondoka, wote, wakaenda kujipanga kwenye ulimi wa mchanga ule wa mbali, mwendo wa saa nzima. Nakiru alisimama ghubani tangu jua linachomoza mpaka linaunguza, tenga mkononi, akatoka na samaki mmoja. "Samaki haikufa," aliniambia, akikamua nguo. "Ingekufa tungeona imelala juu. Imehama. Ndege imejua, imefuata." Nikamwambia labda ni msimu. Akanitazama kidogo zaidi ya ilivyo kawaida, akasema, "Labda." Wanaume bado walipata kitu huko nje, lakini ghuba ndiyo iliyokuwa inalisha watoto, na Nakiru alikuwa amebakiza mbuzi wachache tu kufikia idadi aliyojiwekea ya kurudi nayo Kakuma. Wiki baada ya wiki hakuongeza hata mmoja. Nami tayari nilikuwa nimejua. Nilijua vile mtu anavyojua kwamba jino limeoza lakini anatafuna upande mwingine.

Baraza liliitwa. Msemaji wa kambi alikuwa Lomuria, mtu mzima, mwembamba, aliyejifunza Kiswahili jeshini na bado alikisema kana kwamba anaamrisha gwaride. Akataka idara iwaambie samaki imeenda wapi. Mimi nikakohoa. Mzee Bakari, aliyekwisha pona na hakujua habari za reki, akasimama akajibu alichokijua. "Kiumbe wa majini anakimbia madini," alisema. "Sisi bandarini chombo tunakipaka rangi ya shaba chini, makusudi, ili kome na vidudu vya ubao wasishike. Na pale walipokuwa wakikwangulia ile rangi ya zamani ikaanguka topeni, kaa walihama, hata pweza hakukaa. Hawakufa. Walihama. Shaba, risasi, yote ni mamoja kwao, wanainusa. Tazameni, huenda kuna madini yameingia ghubani." Lomuria akalitafsiri lote, neno kwa neno, sawasawa. Halafu polepole akageuza kichwa. Watu wote wakageuka naye. Nani anaingia ghubani kila siku? Nani anazama mpaka shingoni? Na shingoni kuna nini?

Jamani. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Lomuria hakuwa mtu mbaya, aliongea kwa heshima kabisa. "Mama Akai, hatusemi wewe mbaya. Tunasema hiyo shaba. Watoto ina njaa." Nakiru hakumwangalia Lomuria. Aliniangalia mimi. Nilikuwa na muda wa kutosha, usinidanganye kwamba mambo yalikwenda haraka, nilikuwa na muda wa kusema sentensi moja mara tatu. Nilifikiria ile barua ya cheo. Nilifikiria nikifukuzwa nitarudi wapi na uso gani. Nikainamisha macho nikaangalia viatu vyangu vya serikali. Nakiru akainua mikono, akaipanua pete kidogo, akaivua. Shingo yake chini ilikuwa na mstari wa ngozi laini, rangi nyingine kabisa, kama mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Wanawake wawili walianza kulia, kwa kuwa walijua maana yake. Yeye hakulia. Alimkabidhi Lomuria, Lomuria akanikabidhi mimi, niipeleke ofisini mbali na maji. Adhuhuri ile ile Nakiru akapanda lori la samaki na Akai na mbuzi wake, akaenda zake Kakuma kwa kaka yake, na hesabu yake haijatimia.

Pete ilikaa juu ya meza yetu pale Lodwar. Nilijaribu kuitia kwenye droo, droo ikagoma kufunga. Mzee Bakari alikula akiitazama. Chai ilikuwa chungu, ugali ulikuwa chungu, hata mke wa tarishi alimwambia mwenzake ukutani, "Hawa wamefiwa? Mbona hawapigi kelele?" Siku ya tatu Mzee Bakari akasema, kama anayeongea na sufuria, "Ile pete anaingia nayo majini tangu aje. Samaki wakimjaa. Sasa hawa samaki wamegundua mwaka huu kwamba ni shaba?" Nikainamia ugali wangu. "Na pete imekwisha ondoka, je ghuba imejaa?" Nikamaliza kikombe changu. "Mficha maradhi, kijana wangu," akasema, akamimina chai, na nusu ya pili ya methali akaniachia nimalizie mwenyewe.

Siku ya tano nilikwenda ziwani nikarudi na gunia la tope la ghubani, gunia la tope la pale kwenye ulimi wa mchanga, mitungi ya plastiki ya maji ya ziwa, na vifaranga kama thelathini ndani ya ndoo. Niliazima hori la mti la kunyweshea mbuzi kutoka kwa wachungaji wa mto Turkwel. Nikaliweka uani, tope la ghuba upande mmoja, tope safi upande mwingine, maji juu, yakatulia, nikawamwaga samaki katikati. Mzee Bakari akaleta kigoda. Vile vifaranga vilitawanyika kwanza, kisha kimoja kikafika upande wa ghuba, kikasita, kikageuka. Kingine hivyo hivyo. Kabla chai haijapoa vyote thelathini vilikuwa vimejibana upande safi, vimelaliana kama watu wanaokimbia mvua chini ya paa dogo, na upande wa pili, maji matupu. Nilivisukuma kwa mkono kwenda upande wa ghuba. Vikarudi pale pale. Kisha Mzee Bakari akaingia ndani, akatoka na pete ya Nakiru, akaisimamisha topeni upande ule safi, katikati yao. Vikaizunguka. Vikaizoea. Na kimoja, kidogo kuliko kucha yangu, kikapita katikati ya pete, kikarudi, kikapita tena, kama mtoto aliyegundua dirisha.

"Haya," Mzee Bakari akasema. "Sasa unajua, na samaki wanajua, na mimi najua. Mama Akai nimwambie mimi, ama utamwambia wewe?" Nikamweleza habari ya reki. Nililia, sioni aibu kuandika hivyo, nililia mpaka mke wa tarishi akachungulia. Yule mzee hakunibembeleza. Alinipa leso yake, na baadaye akanifokea kwa kuirudisha bila kuifua. Nilidhani nitaondoka kwenda Kakuma kesho yake. Wapi! Nilitafuta sababu siku nyingine nne: lori halipo, bwana mkubwa ananihitaji, nina homa. Woga ni kazi nyingi kuliko kazi yenyewe.

Kakuma ya wakati ule si hii ya leo. Leo ukishuka pale unasikia Kisomali, Kiarabu cha Juba, Kifaransa, Kiswahili cha Kongo chenye madaha yake, na vijana wanaokuita wewe mzee "mbuyu" bila wewe kujua ni heshima au matusi. Wakati ule palikuwa na misheni, kituo cha polisi, maduka machache, na mto Tarach ambao ni mchanga mtupu mpaka siku unapoamua kukubeba. Nilifika na lori la mahindi, nimeshika pete ndani ya karatasi ya gazeti. Nakiru alikuwa amekaa mlangoni kwa kaka yake akikwangua ngozi. Kando ya mlango, ukutani, palikuwa na mawe madogo yaliyopangwa mstari, nikayaruka nisiyavuruge, nikidhani ni mchezo wa Akai.

"Ejoka?" nikamsalimu.

"Ejok noi," akajibu, bila mshangao wowote. Akamtuma Akai maziwa. Nilipofungua mdomo akainua mkono. "Kunywa kwanza." Nikanywa, maziwa ya mbuzi yenye harufu ya moshi, kibuyu kizima, na kila nilipotaka kukishusha alinionyesha kidole niendelee. Kisha nikasema, haraka, kama anayeruka moto. "Mama Akai, si pete. Ni betri. Ni mimi niliyesukuma uchafu wa betri majini. Nilijua siku ile ya baraza, nikanyamaza."

Alikwangua ngozi mara mbili tatu. "Sema tena, Akai asikie."

Nikasema tena.

"Mimi nimesikia," akasema. "Sasa hiyo maneno ni ya Lomuria. Ni ya watu yote. Utasema huko?"

"Nitasema."

"Watafukuza wewe kazi."

"Najua."

Nikamtolea pete. Hakuichukua. "Shika," alisema. "Ukisema mbele ya watu, ndio utanipa mbele ya watu." Akasimama, akajifunga nguo, akamwita Akai, nao wakapanda lori lile lile nililokuja nalo. Njia nzima hakuniuliza kitu, ila tulipofika Lodwar aliingia nyumbani kwetu akamwambia Mzee Bakari, "Mzee, hii chai yako iko wapi?" na Mzee Bakari, kwa mara ya kwanza na ya mwisho, hakumsahihisha.

Nilisema kule kambini, mbele ya watu wote. Nilipiga magoti bila kupanga. Lomuria alisikiliza mpaka mwisho, akatafsiri mpaka mwisho, sauti yake ikitetemeka kwa hasira, halafu akamgeukia Nakiru akamwambia kwa Kiturkana maneno marefu ambayo sikutafsiriwa, na Nakiru akayapokea kwa kichwa. Nilimpa pete, akaivaa, na wanawake wakapiga vigelegele. Kisha Lomuria akaniambia, "Tutatoa hiyo uchafu. Mzigo ya kwanza ni yako. Mzigo ya mwisho pia." Tulilitoa lile tope kwa majembe na mifuko ya ngozi, tukalibeba mbali na maji hadi shimo kwenye udongo mgumu, siku baada ya siku, mgongo wangu ukawa hauna ngozi. Sufuria ya kuyeyushia Mzee Bakari akaitupa humo shimoni. Risasi tulizikata kwenye nyavu zote, na wanawake wakashona vifuko vya ngozi, wakatia changarawe ndani, ambavyo havikuchana wavu wala kumkimbiza samaki. Bwana mkubwa aliichana ile barua ya sifa mbele yangu, akaandika ya onyo, na mwisho wa mwaka nikahamishwa. Lakini kabla sijahamishwa maji mapya yalikuja kutoka kaskazini, yakaisuuza ghuba, na asubuhi moja nikiwa nafunga mizigo pale kambini Akai alikuja mbio, amelowa, anapiga kelele, "Inauma! Inauma vidole!" Tukatoka wote. Ukingoni alikuwa amesimama mwari mmoja tu, kama mzee aliyetangulia kuangalia kama kiti kiko wazi.

Tulimzika Nakiru Alhamisi, kwa nyimbo za kanisa na mbuzi wengi waliochinjwa, wengi kuliko ile hesabu aliyoiacha ziwani. Mumewe hakurudi kamwe. Baada ya watu kupungua Akai, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu wanaomwogopa, alinikalisha kwenye mlango ule ule wa mjomba wake akaniletea chai ya maziwa, akafungua kitambaa mapajani. Pete ilikuwa nyembamba upande mmoja, imeliwa na miaka. "Hakuvua mpaka amelala," alisema. "Tuliivua sisi." Kisha akasema, "Bwana Samaki, unajua mama alijua?"

"Alijua nini?"

"Betri. Tangu ndege ihame. Hata siku ya baraza alijua. Samaki ilikuwa inapita hapa kwa shingo yake miaka yote."

Niliweka kikombe chini. "Sasa mbona hakusema? Mbona aliivua?"

"Mimi pia niliuliza, nikiwa mkubwa. Alisema, huyo kijana hana mama hapa. Nikisema mimi, watamfukuza kama mbwa, na atakuwa mbwa mpaka kufa. Akisema mwenyewe, atakuwa mtu. Akasema, wacha nimngoje Kakuma." Akai aliipanga kanga yake, akatazama chini kando ya mlango, mahali ambapo sasa pana saruji. "Kila asubuhi aliweka jiwe moja hapo. Wewe uliruka hizo mawe ukija. Mimi nilikuona."

"Yalikuwa mangapi?"

"Tisa. Mpaka amezeeka alikuwa anasimulia watoto wangu, anacheka mpaka anakohoa. Nilimpa siku mbili, anasema, akachukua tisa. Lakini alikuja."

Nikaomba chai nyingine, ili nipate mahali pa kuficha uso.